Tii ya gofu isiyovunjika: ni nani hasa anaihitaji?

Kuna hili wazo huwa linarudi hapa Nairobi kila baada ya muda. Mtu anaingia klabu ya gofu mara ya kwanza, labda ni mwanafunzi wa uinjinia amepata kibarua cha siku ya mashindano, anaangalia pale wachezaji wanaanzia shimo anaona vijiti vimevunjika vimejaa kwa nyasi, vyekundu, vyeupe, vya njano, anajiambia hapa kuna biashara. Si utengeneze tu tii moja ngumu, ya bei ya chini, isiyovunjika, uwauzie hawa watu? Na kusema ukweli wazo si baya. Shida ni kwamba kwa kitu kidogo hivi ugumu na bei vinavutana kuliko mtu anavyodhani, na mimi naona mchezaji wa kawaida wala hakosi usingizi kwa sababu tii yake imevunjika.

Kwa yule hajawahi kucheza, tii ni kale kajiti unadunga kwa udongo halafu unaweka mpira juu, na ni ya pigo la kwanza la kila shimo peke yake (shimo ni kipande kimoja cha uwanja, kutoka pa kuanzia hadi kwa kitundu). Sheria za R&A na USGA, wale wanaotunga sheria za gofu duniani, zinasema isizidi inchi 4, yaani milimita 101.6, isikuonyeshe mwelekeo wa kupiga, na isiingilie mwendo wa mpira. Basi, ni hayo tu. Kwingine kote umeachiwa uhuru, ndiyo maana watu wamekuwa wakibuni tii kwa zaidi ya miaka 130 na bado hawajamaliza.

Zamani kedi, yule wa kumbebea mchezaji mfuko wa fimbo, alikuwa anachota mchanga uliolowa kwa boksi anafinyanga kilima kidogo mpira unakaa juu. Hiyo ndiyo tii ya bei rahisi kuliko zote na haivunjiki, ila mikono inachafuka. 1889 Waskoti wawili, William Bloxsom na Arthur Douglas, wakapata hataza ya kitu cha raba cha kulazwa juu ya nyasi, 1892 Percy Ellis akaleta yake ya kudunga chini. Halafu tarehe 12 Desemba 1899 daktari wa meno wa Boston, George Franklin Grant, Mmarekani mweusi ambaye alikuwa amefundisha pia Harvard, akapewa hataza nambari 638,920 ya kijiti cha mbao chenye kibomba cha raba juu yake. Hiyo raba tutairudia. Grant hakuingia biashara, aligawia tu marafiki, na USGA ilikuja kumtambua 1991, miaka mingi baada ya yeye kufa. Aliyeteka soko ni daktari mwingine wa meno (hawa watu na gofu sijui walikuwa na nini), William Lowell wa New Jersey, miaka ya 1920, na Reddy Tee yake nyekundu. Alijaribu kwanza gutta-percha, utomvu wa mti uliogandishwa, ikawa inakatika, akahamia mbao, akamlipa Walter Hagen na Joe Kirkwood waitumie kwenye maonyesho yao. Ikauzika kweli kweli. Halafu wa kuiga wakaja kibao na pesa nyingi ikaishia kwa kesi za hataza. Mwenye ndoto ya kwenda kusajili tii yake pale KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, aanze kwa kufikiria hiyo, cheti unaweza kupata lakini kumshtaki kila mtu mwenye mashine ya kuchonga mbao ni maneno mengine.

Sasa tuje kwa kuvunjika kwenyewe, kwa sababu watu wengi wanakimbilia "weka tu plastiki ngumu" bila kuangalia nini kinatokea. Tii inakutana na nguvu mbili na zinataka vitu kinyume kabisa. Ya kwanza ni wakati unaidunga, unasukuma kutoka juu kwenda chini, hapo unataka kitu kisichopinda. Ya pili ni draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ikipita, kichwa cha karibu gramu 200, mchezaji wa kawaida anakizungusha kama kilomita 150 kwa saa na mapro wanafika 180 na kupita, kinagusana na mpira kwa muda wa kama nusu ya elfu moja ya sekunde, na mara nyingi kinabeba na shingo ya tii. Hapo unataka kitu kinachopinda na kurudi. Ukiongeza ugumu umesaidia ya kwanza umeumiza ya pili, ukiongeza ulaini ni kinyume chake.

Na Nairobi ina mambo yake. Karen, Muthaiga, Kabete, huko kote ni udongo mwekundu. Mvua ya Aprili ikinyesha tii inaingia bila kelele, na ikipigwa inang'oka inaruka ikiwa nzima, kwa sababu udongo umeiachilia. Njoo Januari ama Februari, kama hapo pa kuanzia hapamwagiliwi vizuri, udongo umekauka kama tofali, tii imeshikwa chini na juu inapigwa, haina mahali pa kwenda, inakatika. Tii ile ile, mchezaji yule yule. Kwa hivyo mtu akikuambia tii yake imedumu raundi kibao, muulize kwanza alicheza mwezi gani.

Wanaotetea plastiki wana hoja na sitaki kuwaonea. Polikaboneti na nailoni zinavumilia kichapo kuliko mbao, hilo halina ubishi, moja inaweza kucheza mashimo yote 18 na ikabaki. Pia hesabu ya kiwanda inavutia, ukishalipia moldi ya kumiminia plastiki pale Industrial Area, kila tii inayofuata inatoka kwa senti. Lakini hiyo moldi ndiyo inaua watu. Ni pesa ya kutoa mwanzo kabla hujauza hata moja, na soko letu la gofu si kubwa, ukilinganisha na mtu anayetengeneza beseni ama vifuniko vya chupa. Marekani tii zinauzwa nyingi mno, sisi tuna klabu za kuhesabu.

Halafu kuna wale wanasema tutumie plastiki iliyookotwa, vifuniko vya chupa na mitungi ya maziwa. Napenda hiyo roho. Nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na tangu hapo kila mtu anatafuta kitu cha kufanya na plastiki iliyobaki. Ila plastiki nyingi ya aina hiyo ni laini, ukiidunga kwa udongo wa Februari inapinda, kwa hivyo unanenepesha shina, shina likinenepa linakataa kuingia, mchezaji anaanza kutafuta msumari wa kutoboa shimo kwanza. Hapo umemuuzia kazi, hujamuuzia tii. Na sijaongea kuhusu mashine ya kukata nyasi, ile ya silinda yenye visu vinavyopita karibu sana na chuma cha chini, plastiki ngumu ikiingia pale inaacha pengo kwa kisu na fundi wa klabu anaanza kulaani. Mbao pia si rafiki wa kisu lakini angalau inapasuka na baadaye inaoza. Plastiki iliyozama kwa nyasi itakuwa pale mpaka wajukuu.

Upande wa mbao nao usisifiwe bure. Tii za mbao tunazotumia zinatoka nje zaidi, nyingi ni za mti wa bachi (birch), mgumu na wa nyuzi zilizobanana. Ukichukua saiprasi ya hapa uchonge kwa lethi utapata tii nzuri kwa macho lakini laini, mkaratusi ni mgumu ila unapenda kupasuka kufuata nyuzi. Mwanzi ndio unanivutia, nyuzi zake zinaenda ndefu kutoka juu mpaka chini kwa hivyo ukipigwa kutoka kando unapinda kidogo kabla ya kukata tamaa. Lakini kuna kitu wengi wanasahau: mwanzi una shimo katikati. Kichwa cha tii kinahitaji kama milimita 11 ama 12, kwa hivyo ukuta wa mwanzi wenyewe lazima uwe mnene kupita hapo, la sivyo utaanza kugandisha vipande kwa gundi, na gundi ni gharama na pia ndiyo sehemu ya kwanza kuachia ikilowa. Mwanzi mnene uko, ila huo si ule mwembamba wa kuwekea nyanya.

Lakini hata tukimaliza mambo ya mti na plastiki bado hatujafika kwa hoja yenyewe. Tii haifi kwa kuvunjika peke yake. Inapotea. Inaruka inaingia kwa nyasi ya Kikuyu ambayo imefungamana vile inajua, inaazimwa na jirani, inasahaulika mfukoni inafuliwa na suruali. Tuseme ya mbao ni shilingi 5 na ya plastiki ni 50, namba za mfano tu hizo, ile ya plastiki lazima ifanye kazi ya kumi, na wakati huo wote ionekane kila mara imeruka. Kwa uwanja wa kawaida wenye mashimo manne mafupi unapiga draiva kama mara 14 kwa raundi, kwa hivyo una nafasi 14 za kuipoteza. Na ile ya mbao ikivunjika haijafa pia, kipande kilichobaki ndicho unadunga kwa shimo fupi ukitumia fimbo ya chuma, ambapo unataka mpira uwe chini karibu na nyasi. Nenda uone, pale pa kuanzia mashimo mafupi watu wanaokota vipande vya wenzao bila aibu.

Kuna jibu kwa hiyo na ni jibu zuri. Hapa kwetu wengi wanacheza na kedi, si kama huko nje mtu anasukuma kigari chake peke yake. Kedi ana macho, anajua tii imeanguka wapi, na mara nyingi mfukoni ana zake za akiba za kumwokoa mteja. Kwa hivyo kupotea hapa kunaweza kuwa kidogo. Na makedi wenyewe wanacheza, mapro wengi wa Kenya walianzia kubeba mifuko ya wengine, na kwa mtu kama huyo paketi ya tii kutoka nje si pesa ya kutupa, tii moja inayodumu ina maana kwake. Hoja hiyo ndiyo ilinifanya nisikatae wazo lote. Ila yeye ndiye pia anaokota za bure, so kumuuzia si rahisi vile.

Zile zingine zinazouzwa bei ya juu kwa madai ya kuongeza yadi, zenye brashi ama meno matatu, hizo niwachie wenye pesa. Kijiti cha gramu chache mbele ya kichwa cha gramu 200 hakipunguzi kitu cha kuonekana, na tayari tuko mita karibu 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi inakupa umbali bila kulipishwa.

Turudi kwa raba ya Grant. Chini mbao ngumu ya kudunga, juu raba inayopinda ikipigwa, yaani mzee alikuwa ametatua zile nguvu mbili 1899. Kwa nini basi hatuitumii? Kwa sababu ni vipande viwili, kuna mtu lazima aviunganishe, raba inachomoka, na ukiipoteza umepoteza vyote. Mbao moja tupu ikaishinda kwa bei, si kwa ubora.

Lakini kuna mahali raba ilishinda, renji. Pale unapopigia mazoezi juu ya mkeka, tii ni kibomba cha raba kimetokezea kwa tundu, chini kina kitako kipana kinachokizuia kuchomoka. Hakuna anayekidunga kwa udongo, kwa hivyo ile nguvu ya kwanza haipo. Hakipotei. Na kinapigwa kutwa nzima na watu tofauti, kwa hivyo kila siku moja zaidi kinayodumu ni pesa ya mwenye renji. Ningekuwa huyo mwanafunzi ningeachana na mchezaji niende kwa mwenye renji, wateja wachache, mmoja ananunua vingi, na ukichelewa kuleta anakupigia simu mwenyewe. Moldi huhitaji. Fundi wa akala, vile viatu vya tairi, anakata kitako kwa ukuta wa tairi, shina unatumia bomba la raba. Bomba la PVC la kumwagilia maua linakaa poa wakati wa joto lakini asubuhi ya Julai linakakamaa na kupasuka, kwa hivyo lipa zaidi kidogo upate raba yenyewe. Raba nyeusi nayo inachora draiva, na mtu aliyenunua draiva ya pesa ndefu hatakusamehe, tafuta ya rangi. Halafu omba upewe mkeka mmoja wa majaribio, ule wa mwisho kabisa kwa laini, wanakopigia wanaoanza, hao ndio wanapiga tii kuliko mpira.