Nyaya tatu kati ya redio mbili: zinatatua nini, zinaacha nini

Baadhi ya ruta za siku hizi hubeba Wi-Fi, Bluetooth na Zigbee (redio ya nguvu ndogo ya vifaa vya nyumbani kama kufuli na vihisi) ndani ya kasha moja, na zote hukutana kwenye bendi ya gigahezi 2.4, ambayo upana wake haufiki megahezi 84. Wi-Fi ikirusha kwa miliwati 100 huku antena ya Zigbee ikiwa sentimita chache tu kando yake, kipokezi cha Zigbee huwa kama mtu anayenong'onezwa sikio hili na kupigiwa kelele kwenye lile. Kuachanisha chaneli hupunguza tatizo, lakini kwa ukaribu huo nguvu ya jirani hukilemea kipokezi hata chaneli zikiwa mbali.

Ndiyo maana wahandisi huunganisha chipu kwa nyaya. Wazo la kuwa na mwamuzi wa pakiti kati ya Wi-Fi na Bluetooth, yaani anayeamua redio ipi irushe kipande chake cha data na lini, limo katika waraka wa 802.15.2 wa mwaka 2003 wa IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango. Mpangilio uliozoeleka ni wa nyaya tatu: wa kwanza huomba zamu, wa pili hutaja kipaumbele, wa tatu hurudisha ruhusa. Mwamuzi kwa kawaida ni chipu ya Wi-Fi.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Pakiti ndefu kuliko zote ya Zigbee hukaa hewani kwa milisekunde 4 hivi. Wi-Fi ikinyamaza kwa muda huo, anayetazama video hatambui chochote. Pakiti hiyo ikipotea, kufuli la mlango linasubiri mpaka irudiwe.

Ugumu uko kwenye kupokea, na hapa ndipo sifa za nyaya hutiwa chumvi. Redio inayotuma inajua itatuma lini, hivyo huomba mapema. Inayopokea haijui. Aghalabu huomba zamu baada ya kunasa mwanzo wa pakiti, na Wi-Fi ikiwa tayari inarusha, mwanzo huo hausikiki kabisa: ombi halitolewi, na mwamuzi hana cha kuamua. Kihisi cha betri kitajaribu mara chache, kisha kitarudi kulala. Wala waya haufiki kwenye Wi-Fi ya nyumba ya pili.

Halafu kuna suala la kipaumbele. Programu ya Zigbee ikidai kila pakiti ni ya dharura, kasi ya Wi-Fi hushuka. Wi-Fi ikikataa kukatiza inachotuma, ombi linabaki bure. Watengenezaji hutofautiana katika idadi ya nyaya, maana ya ishara na muda wa kusubiri jibu. Mipangilio hiyo ikifungiwa ndani ya chipu, anayeunda kifaa hubaki anakisia, jambo ninaloliona baya kuliko ukosefu wa nyaya zenyewe.

Hata hivyo ningezichora kwenye bodi tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna sasisho la programu linaloweza kuongeza waya. Ila ningeanza kwa kutenganisha antena na kuhamishia mizigo mizito ya Wi-Fi kwenye gigahezi 5. Kisha ningepima pakiti za Zigbee zinazopotea kasha likiwa limefungwa na Wi-Fi ikielemewa, mara moja mwamuzi akiwa kazini na mara nyingine akiwa amezimwa.