Hisa za benki inayoyumba: hasara italipwa na nani?

Bei uliyonunulia hisa haina kazi tena. Mtu ana hisa za benki alizonunua kwa Sh500, leo zinauzwa chini ya nusu ya hapo, na kila akiulizwa jibu lake ni lilelile: zikirudi mia tano nitauza. Soko halikumbuki ulinunua kwa shilingi ngapi. Linaangalia benki ina mtaji gani leo, na mikopo yake inalipwa au hailipwi. Kwa maoni yangu, mwenye hisa wa Arusha au Moshi anayejiuliza auze au ashikilie ana swali moja kubwa la kujibu: shimo lililopo kwenye vitabu vya benki litazibwa na faida ya benki yenyewe, au litazibwa na mfuko wake?

Mfano upo mlangoni kwetu. Benki ya CRDB, ambayo wanahisa wake wamezoea kukutana ukumbi wa AICC hapa Arusha kila Mei, iliwauzia wanahisa hisa mpya kwa Sh350 mwaka 2015. Baada ya hapo mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ikapanda kwenye sekta nzima ya benki. Faida baada ya kodi, iliyokuwa karibu Sh129 bilioni mwaka 2015, ikaanguka hadi takriban Sh36 bilioni mwaka 2017, na gawio la mwaka huo likawa Sh5 kwa hisa. Kufikia 2019 hisa moja ilikuwa ikizunguka Sh100. Wengi waliuza hapo, wamechoka. Lakini aliyefungua hesabu aliona jambo ambalo bei haikuonyesha: riba na ada zilikuwa zinaendelea kuingia kwa wingi. Kilichokula faida ni fedha zilizotengwa kufidia mikopo mibaya. Kutenga kulipopungua, faida ikarudi, na gawio likarudi nayo: Sh17 kwa mwaka 2019, Sh36 kwa 2021, Sh65 kwa 2024. Aliyenunua kwa Sh350 alisubiri takriban miaka saba kuiona tena bei yake. Aliyenunua kwa Sh100 alipata, kwa gawio la mwaka mmoja tu wa 2024, karibu theluthi mbili ya fedha aliyotoa.

Sasa tazama upande wa pili, katika msimu uleule wa uchumi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa Meru Community Bank, ya hapahapa Arusha. Benki za jamii zilitakiwa kufikisha mtaji wa Sh2 bilioni, na muda ulikwisha. Meru haikuwa kwenye soko la hisa, lakini benki ya Yetu Microfinance ilikuwepo, nayo Benki Kuu iliiweka chini ya usimamizi wake Desemba 2022, na biashara ya hisa zake sokoni ikasimamishwa. Hapo aliyekuwa akisubiri bei irudi hakuwa tena na cha kuamua. Mwenye akaunti ana Bodi ya Bima ya Amana, ambayo sasa hulipa hadi Sh7.5 milioni kwa mteja. Mwenye hisa hana bima yoyote. Benki ikifungwa yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni, na mara nyingi akifika dirishani hamna kitu.

Kwa hiyo tofauti ya anguko linalopona na anguko linaloua inaonekana kwenye karatasi mapema, kwa anayeisoma. Kila benki inatakiwa kutangaza taarifa zake za fedha za robo mwaka gazetini, na huziweka pia kwenye tovuti yake. Watu hukimbilia mstari wa faida. Anza chini kabisa, kwenye viashiria vya utendaji, na kisichokuwepo hapo kitafute kwenye ripoti ya mwaka. Tafuta vitatu: uwiano wa mtaji wa msingi, yaani fedha za wanahisa wenyewe zikilinganishwa na mali zilizopimwa kwa hatari (Benki Kuu inataka usipungue asilimia 12.5, akiba ya tahadhari ikiwemo), uwiano wa mikopo chechefu kwa mikopo yote (kiwango kinachotakiwa ni kutozidi asilimia 5), na gharama za uendeshaji kwa mapato. Hicho cha tatu watu hukiruka, na ndicho kinachosema kama benki ina nguvu ya kujitibu. Benki inayotumia shilingi 90 kupata shilingi 100 haina cha kuzibia shimo lolote.

Tufanye hesabu ya benki ya kufikirika. Ina mikopo ya Sh100 bilioni, na asilimia 12 ni chechefu, yaani Sh12 bilioni. Imekwisha kutenga Sh5 bilioni, kwa hiyo Sh7 bilioni bado hazijafidiwa. Dhamana zipo, lakini nyumba au shamba la rehani linachukua muda kufika mnadani, kesi ikifunguliwa linachukua zaidi, na bei ya mnada si ya mthamini. Tuseme nusu itarudi. Hasara inayokuja ni Sh3.5 bilioni. Mtaji wa msingi ni Sh15 bilioni na mali zilizopimwa kwa hatari, yaani mikopo na mali nyingine zikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake, ni Sh110 bilioni, kwa hiyo leo uwiano unasomeka asilimia 13.6 na kila kitu kinaonekana shwari. Toa hasara ile: unabaki na Sh11.5 bilioni, asilimia 10.5. Ili kurudi kwenye 12.5 benki inahitaji Sh2.25 bilioni.

Hapa ndipo uamuzi unapatikana. Kama benki hiyo, kabla ya kutenga chochote, inapata Sh4 bilioni kwa mwaka, inajiponya yenyewe ndani ya mwaka au miwili. Shikilia, hata kama bei inauma. Kama inapata Sh300 milioni, itahitaji zaidi ya miaka saba, na Benki Kuu haisubiri miaka saba. Benki itakuja kwenu na toleo la hisa mpya, au itamezwa na mwekezaji mkubwa kwa bei atakayoipanga yeye. Hisa zikiongezwa mara mbili na wewe hukuchangia, sehemu yako inabaki nusu, na bei ikipanda baadaye unapanda na nusu tu.

Kuna mitego kwenye namba hizi. Uwiano wa mikopo chechefu unaweza kushuka bila mkopaji hata mmoja kulipa: benki ikifuta mikopo mibaya vitabuni, au ikitoa mikopo mipya mingi kwa haraka, asilimia inapungua. Ndiyo maana soma kiasi chenyewe kwa shilingi, robo nne mfululizo, pamoja na mtaji. Kiasi kikishuka na mtaji ukapanda, huenda wakopaji wanalipa. Kiasi kikishuka na mtaji ukashuka nao, huenda benki imefuta. Faida nayo inaweza kutoka mahali pasipojirudia, kama kuuza jengo au hatifungani, kwa hiyo linganisha mapato ya riba peke yake. Na angalia amana: zikipungua robo mbili tatu mfululizo huku riba inayolipwa kwa wateja ikipanda, wenye fedha kubwa wamekwisha kuanza kuondoka, na hao hujua mambo kabla yetu.

Nizungumzie jambo ambalo huku kwetu lina uzito kuliko hesabu. Hisa nyingi za benki ndogo zilinunuliwa kwa imani: kanisani, kwenye chama cha ushirika, kwenye umoja wa watu wa taaluma moja. Mkombozi ilianzishwa na Wakatoliki, Maendeleo na Walutheri, Mwalimu na walimu. Mapenzi hayo ni ya heshima na ndiyo yaliyozifanya benki hizo ziwepo. Lakini sadaka ni sadaka na uwekezaji ni uwekezaji. Ukitaka kuisaidia benki ya ushirika wako, amua kiasi unachoweza kukipoteza, kihesabu kama mchango, na usiweke humo ada ya mtoto wala fedha ya uzeeni. Kuuza hisa si kuisaliti jumuiya. Kinachoumiza jumuiya ni wanahisa elfu kadhaa wanaokwenda mkutano mkuu, wanakula chakula na kurudi bila mtu kuuliza wakopaji wakubwa kumi wanashikilia asilimia ngapi ya mikopo yote. Swali hilo ulizeni. Menejimenti ikilikwepa, hilo nalo ni jibu.

Ukishaamua kuuza, uza kwa utaratibu. Bei unayoiona kwenye DSE Hisa Kiganjani, programu ya simu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, au gazetini ni ya biashara iliyopita, na kwa benki ndogo huenda biashara hiyo ilikuwa ya hisa mia mbili tu, tena siku kadhaa nyuma. Muulize dalali wako maombi ya kununua yaliyopo ni ya hisa ngapi na kwa bei gani. Kama una hisa 20,000 na wanunuzi waliopo wanataka 1,500, ukitoa agizo la bei ya soko, yaani kuuza kwa bei yoyote iliyopo, utaishusha bei wewe mwenyewe. Weka kikomo cha bei, gawanya mzigo kwa wiki kadhaa, na anza mapema, kwa sababu anayeuza Januari ada ikidaiwa wiki ijayo atapokea bei yoyote. Kwa mauzo yasiyozidi Sh10 milioni, gharama za dalali, soko na mamlaka ya masoko ya mitaji kwa pamoja huzidi kidogo asilimia 2, VAT bado. Mkazi mwenye chini ya asilimia 25 ya hisa za kampuni iliyoorodheshwa hatozwi kodi kwa faida ya mauzo, na gawio hukatwa asilimia 5. Na kama gawio limetangazwa, hakikisha unajua tarehe ya kufunga daftari la wanahisa kabla hujaachia, maana aliyemo daftarini siku hiyo ndiye anayelipwa.

Fedha huingia siku tatu za kazi baada ya biashara. Kinachochelewesha wengi ni kabla ya hapo: cheti cha karatasi kilichokaa sandukuni tangu toleo la kwanza bila akaunti ya CDS, ile ya kutunza hisa kielektroniki, jina la kwenye cheti lisilolingana na la kitambulisho cha NIDA, au hisa za marehemu baba ambazo mirathi yake haijafunguliwa mahakamani. Hizo za marehemu haziuzwi mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na ndugu wakivutana mambo huenda miezi mingi. Kama unazo za aina hiyo, fuatilia makaratasi sasa, hata kabla hujaamua kama utauza.