Kapla kwenye ekskaveta ndogo: inamfaa nani, na baketi zipi ziende nayo

Anayenunua ekskaveta ndogo (mashine ya kuchimbia) ya tani 2 au 3 iliyotumika Japani, ikashushwa Dar es Salaam au Mombasa, hakawii kushauriwa aifunge kapla: kile kifungio kinachokaa kati ya ncha ya mkono wa mashine na baketi, yaani ndoo ya kuchimbia, ili opareta abadilishe baketi bila kugonga kwa nyundo pini zinazoishikilia. Ushauri huo una mantiki, ila haumfai kila mmiliki, na wapo ambao utawatia hasara. Naona tunaanzia mahali pasipofaa. Tunachagua kapla kwanza, kisha tunahangaika kutafuta baketi za kuingia humo, wakati mambo mawili yanayoamua kila kitu ni vipimo vya pini za mashine yenyewe na mara ngapi kazi yako inakulazimu kubadilisha baketi.

Wanaoitetea kapla husema inaokoa muda, na hilo ni kweli. Pini iliyokaa miezi kadhaa kwenye vumbi bila grisi inaweza kuwala watu wawili nusu saa, hata saa nzima: mmoja na nyundo, mwingine kashikilia baketi isiyumbe, na hapo ndipo vidole hupondwa. Lakini hoja nzito zaidi ni nyingine. Pini zikiwa ngumu kutoka, opareta huacha kabisa kubadilisha baketi. Bomba la maji la mtaani linataka mtaro wa upana wa sentimita 30, mashine imefungwa baketi ya sentimita 45, basi anachimba na hiyo hiyo. Piga hesabu ya mita 100 kwa kina cha sentimita 80. Baketi ya 30 inatoa mita za ujazo 24, ya 45 inatoa 36. Hizo 12 za ziada umezichimba kwa dizeli yako, utazirudisha, utazishindilia, na kama mtaro umekata barabara, utarudishia lami ya upana wote huo. Kwa mkandarasi wa mabomba au wa nyaya za intaneti, huo ndio upotevu ambao kapla huuziba.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Kapla ya mashine ya tani 1.5 hadi 2 huwa na uzito wa kilo 20 hadi 40, na mashine ya ukubwa huo, mkono ukiwa umenyooshwa mwisho na umegeuzwa pembeni, hunyanyua kilo 200 au 300 tu. Ukiongeza kapla, umepunguza udongo au bomba unaloweza kubeba. Kinachouma zaidi ni nguvu ya kung'oa. Nguvu hiyo hupimwa kwenye meno ya baketi, na kadiri meno yanavyokaa mbali na pini ya mkono ndivyo inavyopungua. Tuseme baketi iliyofungwa moja kwa moja ina sentimita 70 kutoka pini hadi ncha ya jino, na kapla imeisogeza kwa sentimita 12. Gawa 70 kwa 82: umepoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Kwenye kichanga hutaiona tofauti. Kwenye jiwe la matumbawe la pwani, au udongo mwekundu uliokauka kiangazi, mashine ndogo itaanza kujinyanyua yenyewe badala ya kung'oa. Ndiyo maana mtu mwenye kazi ya aina moja, mathalani anayechimba misingi kwa baketi moja wiki hadi wiki, namwambia waziwazi aiache kapla. Anunue pini nzuri, bushi nzuri (vile vikombe vya chuma vinavyozunguka pini) na grisi.

La usalama lazima tulipe uzito wake. Uingereza ilipitia kipindi kichungu kwa sababu ya kapla ambazo opareta alizifunga kwa haidroliki akiwa ndani ya kabini, kisha alitakiwa kushuka na kuchomeka pini ya usalama kwa mkono. Wapo ambao hawakushuka. Baketi zilichomoka na kuua wafanyakazi waliokuwa chini yake, na mwaka 2008 watengenezaji wakaacha kuiuza aina hiyo huko. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13031, kilichotoka mwaka 2016, kimejengwa juu ya funzo hilo: kifungo cha kwanza kikishindwa, baketi isidondoke, na opareta aweze kuhakikisha kwamba imefungwa. Sasa fikiria mitaro yetu, ambamo karibu kila mara kuna kibarua na koleo akisafisha chini, mita mbili kutoka kwenye meno. Mashine kuukuu inaweza kufika bandarini ikiwa bado na kapla ya zamani ya namna ile, imepakwa rangi ikang'aa. Ukiona kapla ya haidroliki inayotegemea pini ya kuchomeka, na tundu la pini hiyo limejaa kutu kuonyesha kwamba haijachomekwa siku nyingi, usiipeleke kazini. Na kwa kapla yoyote, ya bei yoyote, baketi ikishafungwa opareta aikandamize chini, aikunje na kuivuta kuelekea kwake, aangalie kama inacheza, kabla mtu hajaingia mtaroni.

Kwa sababu hiyo, kwenye mashine zisizozidi tani 3, napendelea kapla ya mkono, ile unayokaza kwa spana au wenzo huku umesimama mbele yake. Ni nyepesi na haina hozi ya kupasuka. Kubwa zaidi, anayeifunga anakiona kifungo kwa macho yake, na hakuna kitufe cha kubonyezwa kimakosa kabini. Ya haidroliki ina haki yake kwenye tani 4 au 5, ambako baketi ni nzito na zinabadilishwa mara kadhaa kwa siku. Ila inadai njia yake ya mafuta. Ekskaveta ndogo nyingi zilizotumika zina njia moja tu ya ziada, na hiyo ndiyo inayoendesha nyundo ya kuvunjia mawe. Fundi atalazimika kuongeza valvu, swichi na nyaya, na ndani ya silinda ya kapla lazima iwepo valvu ya kuzuia mafuta kurudi, ili hozi ikipasuka kifungo kibaki kimefunga. Mwenye duka akishindwa kukuonyesha valvu hiyo iko wapi, ondoka.

Kisha kuna suala la aina. Zipo kapla zinazoshika pini za baketi ya kawaida, na zipo zinazotaka baketi yenye mashikio yake maalumu. Za kwanza hukuruhusu kutumia baketi ulizonazo, lakini ndizo zinazosogeza meno mbali zaidi. Za pili hukaa karibu na mkono na kukurudishia sehemu ya ile nguvu, ila umejifunga kwenye familia moja. Sweden na majirani zake hutumia mfumo wa S30, S40, S45 na kuendelea, tarakimu ikiwa ni kipenyo cha pini kwa milimita. Ujerumani utakutana na MS01 na MS03 za Lehnhoff. Mashine kutoka Ulaya ikija na mojawapo ya hizo na baketi moja tu, bei yake isikudanganye: kila baketi utakayoongeza italazimika kuwa ya mfumo huo, au utaing'oa kapla na kurudi kwenye pini.

Ndipo tunafika kwenye vipimo, na hapa sina subira na uzembe. Vipo vinne: kipenyo cha kila pini, kwa sababu pini ya mkono na ya kiungo, kile chuma kinachoisukuma baketi ikunjike, si lazima zilingane; upana wa ncha ya mkono, upana wa kiungo, na umbali kutoka kitovu cha pini moja hadi cha nyingine. Mashine nyingi za tani 1.5 hutumia pini za milimita 30, na za tani 5 hutumia 45, lakini katikati kuna 35, 38 na 40, na modeli ile ile inaweza kubadilika kutoka mwaka hadi mwaka. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, kwenye mashine, usipime kwenye baketi ya zamani, kwa kuwa matundu yake yameshalika. Pini nayo ipime mwishoni, pale ambapo haijasuguliwa. Milimita 3 za tofauti huonekana ndogo dukani, lakini kazini pini inagonga ndani ya tundu kila baketi inapojaa, na tundu linapanuka hadi kuwa yai. Umbali wa vitovu ukikosewa ni vibaya zaidi: baketi haitakunjika mpaka mwisho, udongo utamwagika kila ukinyanyua, au mgongo wake utagonga mkono.

Mafundi wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, wanaweza kuchomelea baketi inayodumu, na kwa bei ambayo ya kuagiza haiikaribii. Sharti ni matundu ya mashikio yakae mstari mmoja. Fundi achomelee pini ikiwa imechomekwa ndani, la sivyo joto huvuta chuma na pini haitapita. Na atengeneze baketi zote kwa kiolezo kimoja, siku zilezile, zikipimwa kwa kapla ile ile. Kwenye midomo na kingo usikubali chuma cha kawaida. Bamba gumu la aina ya Hardox, hata likiwekwa kwenye ukingo wa kukatia peke yake, huongeza maisha ya baketi.

Seti yenyewe isiwe kubwa. Kwa mabomba na nyaya, mashine ya tani 2 hadi 3.5 inatosheka na baketi ya sentimita 30, ya 45, na ya kusawazisha ya mita 1 hadi 1.2 isiyo na meno. Mahali penye nyaya za zamani ardhini, ukingo bapa ni salama kuliko meno. Anayefanya kazi kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata mvua ikinyesha, aepuke baketi nyembamba yenye pande zilizonyooka sambamba: udongo hukwama humo na opareta hushinda akiikung'uta. Atake iliyo pana mdomoni na nyembamba nyuma. Na mwenye nyundo inayofanya kazi siku nyingi za wiki aifunge moja kwa moja kwa pini, maana mtikisiko wake huila kapla kuliko uchimbaji wowote.

Anayekodisha mashine kwa wateja wa kila namna, leo msingi, kesho mtaro, ndiye ambaye kapla humlipa haraka. Yeye aagize kapla na baketi tatu kwa oda moja, kwa vipimo alivyochukua mwenyewe, na asilipe salio mpaka kila baketi ifungwe na kufunguliwa kwenye mashine yake mbele ya macho yake.