Barafu ya pioni

Wacha niwaambie vile maua yameniaibisha hapa Kisumu. Niliona picha ya pioni, kitu kubwa kama kabeji lakini ya pinki, huchanua huko Ulaya baridi ikiisha, na ukishaipanda inaweza kukaa hapo hapo miaka 50 na zaidi, nikasema basi hii ndiyo nitaachia watoto. Jamaa fulani wa mtandaoni akaniuzia mzizi kwa 2,500. Ukiuangalia ni muhogo tu umejikunja, na vijicho vyekundu juu. Nikaufukia sentimita 4 hivi, maana ukizamisha sana unapata majani bila maua.

Shida ni kwamba pioni lazima ilale kwa baridi kali wiki kadhaa ndio ichanue, na hapa kwetu saa saba mchana hata mbuzi anagombania kivuli. Nikasoma mahali ati watu wa sehemu za joto huimwagia barafu. Friji yangu hata maji haigandishi, kwa hivyo kila jioni nikawa napitia kwa mama mmoja anauza mbuta, ananijazia ndoo ya barafu ya hamsini.

Sasa barafu ya samaki ni samaki. Siku ya tatu paka wa ploti nzima wamepiga kambi hapo. Mimi nayo saa nne usiku niko nje na shuka kiunoni, nimeinama, namwaga barafu huku nafukuza paka kwa kunong'ona, soja wa geti akanimulika tochi usoni, na kufikia asubuhi watoto wananiita jajuok, yaani mchawi wa kukimbia usiku.

Wiki ya tatu kitu kikachomoza, chekundu! Nikamwita mke wangu mbio, akainama, akakikagua, akaniuliza, "Hii si ododo?" Mchicha tu. Mzizi wenyewe tuliupata nyuma ya tangi la maji, ulifukuliwa kitambo, umekauka kama kuni.

Jioni nikapitia kwa mama wa mbuta nimwambie sitaki barafu tena. Kabla nifungue mdomo akafuta magamba mikononi kwa leso, akanivuta kando.

"Pole sana baba. Wiki tatu ni nyingi, na mochari nayo ni pesa, tunaelewa."

Akanitia bahasha mkononi. 1,350, wamama wa soko wamechanga. Anauliza tunazika lini.