Nani apange upana wa safu: msanifu au maandishi?

Chukua ukurasa wa duka la vifaa vya ujenzi, wenye jedwali la safu tatu: bidhaa, maelezo, bei. Msanifu amezipa pikseli 200, 400 na 100, kila kitu kimekaa sawa, mwenye duka karidhika. Siku inapoingizwa jenereta ya TSh 1,250,000, bei inakatika: TSh juu, tarakimu chini. Kiolezo kilipimwa kwa bei za dola zenye tarakimu mbili tatu, na shilingi ina sifuri zake. Hapo ndipo linapofufuka bishano la siku nyingi la watengeneza tovuti: upana wa safu upangwe mapema na mtu, au kivinjari kiachiwe kisome kilichomo kisha kiamue?

Wanaotetea kilichomo wana historia upande wao. Jedwali la HTML, lugha ya kuundia kurasa za tovuti, limekuwa likifanya hivyo tangu miaka ya 1990. Kivinjari hupitia seli zote, kikatafuta upana mdogo ambao safu inaweza kuvumilia, yaani ule wa neno refu kuliko yote, na upana mkubwa, yaani maandishi yote yakiwa kwenye mstari mmoja. Kisha hugawa nafasi iliyopo kati ya mipaka hiyo miwili. Ndiyo maana kurasa nzima zilijengwa kwa majedwali hata pale ambapo hapakuwa na chochote cha kuorodhesha. Baadaye watu wakahamia kwenye safu za kuelea za CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, na safu hizo hazikujuana: fupi iliishia njiani, rangi yake ya nyuma ikakatika nayo. Mwaka 2004 Dan Cederholm alieleza katika jarida la mtandaoni la A List Apart ujanja wa kutandaza picha ya nyuma inayojirudia kutoka juu hadi chini, ili safu zionekane zimelingana. Zilionekana tu, hazikulingana. Kulingana kwenyewe kulikuja na fleksi, mbinu ya CSS ya kupanga vitu kwa mstari, kisha gridi, ya kuvipanga kwa safu wima na safu mlalo, ambayo Machi 2017 iliingia kwenye vivinjari vya Firefox, Chrome na Safari ndani ya mwezi huo huo. Suala la urefu likaishia hapo. La upana bado.

Kwa anayeandika Kiswahili, hoja ya kufuata kilichomo ina uzito zaidi. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati, urejeshi na kauli ndani ya neno moja, na kivinjari hakikati neno katikati mpaka kiambiwe. Safu ya malalamiko yenye kichwa "Yanayoshughulikiwa" ina herufi 18 zinazokwenda pamoja. Ukiibana kwenye pikseli 100, kichwa kitamwagikia kwa jirani.

Hata hivyo, wanaotaka vipimo vya kudumu si wakaidi tu. Acha jedwali lijipangie lenyewe, halafu weka aya nzima ya maelezo kwenye safu mojawapo. Safu hiyo itakula karibu nafasi yote, na namba ya simu iliyoandikwa 0700 000 000 itabanwa mpaka isimame ghorofa tatu. Kivinjari hakijui kwamba namba husomwa kwa mkupuo mmoja; kwake hayo ni maneno matatu mafupi yanayoweza kupangwa popote. Anayeongea sana ndiye anayepewa nafasi, na anayesema jambo la maana kwa ufupi anasukumwa pembeni. (Nimehudhuria vikao vya namna hiyo.)

Kuna pia suala la utulivu. Jedwali linalojipima lenyewe lazima lizijue seli zake zote; safu mlalo zikiwa maelfu, hiyo ni kazi, na zikiingia kidogo kidogo kutoka kwenye seva, safu huwa zinachezacheza mbele ya msomaji. Ukiandika table-layout: fixed na kulipa jedwali upana wake, kivinjari hutazama safu mlalo ya kwanza tu, kikaanza kuchora. Google nayo tangu 2020 imeuweka mtikisiko wa ukurasa miongoni mwa vipimo vyake vikuu vya ubora, na alama inayohesabiwa kuwa nzuri haizidi 0.1. Mtu aliyewahi kutaka kubonyeza kitufe kimoja akajikuta amebonyeza kingine kwa sababu ukurasa umesogea hahitaji kipimo hicho.

Gridi haijamaliza ubishi; imeuhamishia ndani ya kipimo kimoja kidogo, 1fr, yaani fungu moja la nafasi iliyobaki. Wengi huandika 1fr 1fr wakiamini wamepata safu mbili sawasawa. Ni kweli, mpaka mtu abandike kiungo kirefu cha intaneti kwenye safu ya kushoto: inavimba, ya kulia inasinyaa. Sababu ni kwamba 1fr kwa siri ni minmax(auto, 1fr), yaani upana wa chini ni auto na wa juu ni 1fr, na hiyo auto inakataa safu kuwa nyembamba kuliko kitu chake kisichogawanyika. Ukitaka usawa wa kweli, andika minmax(0, 1fr), na uongeze overflow-wrap: anywhere ili kiungo kikatwe, la sivyo kitatokeza nje. Fleksi ina mtego wa aina hiyo hiyo: flex: 1 hugawa nafasi yote kuanzia sifuri, flex: auto huanza na ukubwa wa kilichomo kisha hugawa kilichobaki. Neno moja tu linatofautiana, na matokeo ni kurasa mbili tofauti.

Mimi naegemea kilichomo, ila kwa vitu vifupi: bei, tarehe, namba, hali ya oda. Hivyo vipewe upana wao kamili na vizuiwe kukatika kwa white-space: nowrap. Aya zipewe kinachobaki. Kwenye jedwali letu la duka, gridi ya fit-content(14rem) 1fr max-content ingetosha: jina la bidhaa linafuata urefu wake hadi kikomo cha 14rem (rem moja ni ukubwa wa herufi za msingi za ukurasa), bei haikatwi, maelezo yanajinyoosha au kujikunja katikati. Tahadhari moja ni kwamba kila safu mlalo ikiwa gridi yake peke yake, kila moja itajipima kivyake na bei hazitapangana. Dawa yake ni subgridi, yaani gridi ya ndani inayofuata safu za gridi ya nje, iliyoanza na Firefox mwaka 2019, Safari 2022, na Chrome 2023. Kabla ya hapo, wenye msimamo wa vipimo vya kudumu walikuwa na haki kabisa kwenye hoja hii.

Kwenye simu ya upana wa pikseli 360, swali huwa jingine: safu zikae sambamba kweli? Kadi za bidhaa zikipewa repeat(auto-fit, minmax(16rem, 1fr)) hujipanga zenyewe chini kwa chini nafasi inapokuwa finyu. Jedwali la matokeo ya mtihani lenye masomo kumi halikunjiki hivyo, maana alama isiyokuwa chini ya somo lake haisomeki. Hapo hakuna upande unaoshinda: lipe overflow-x: auto ili lisogezwe kushoto na kulia, safu ya majina uigandishe kushoto kwa position: sticky, mzazi ateleze kidole atafute Hisabati.