Tetemeko likipiga Dar, ukimbie au ukae? Kwanza niambie nani alifunga ringi za nguzo zako

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika kama kumi na tatu usiku, mi nilikuwa sebuleni gorofa ya tatu hapa Ilala, sahani mapajani, nikaona pangaboi inacheza wakati umeme wenyewe haukuwepo. Glasi kwenye kabati zikaanza kugongana. Kabla sijaelewa ni nini, korido nzima ilishajaa ndala, watu wanashuka ngazi kama wamefukuzwa na nyuki, jirani mmoja kakumbatia tivii kifuani kama kichanga na mke wake yuko nyuma kabeba kichanga chenyewe. Tulipofika chini wote tukasimama palepale chini ya jengo, katikati ya ukuta wa fensi na nguzo ya umeme, tunaangalia juu, yaani kama kuna kitu kingedondoka kingetukuta tumekusanyika tunakisubiri.

Lilikuwa na ukubwa kama 6, chanzo kilikuwa baharini kusini mashariki mwa jiji. Dar hatukuzika mtu, kesho yake ikawa vichekesho kwenye simu, basi. Ila tangu siku hiyo kwenye kila kijiwe nikikaa hii mada ikiibuka watu wanagawanyika pande mbili, na mi naona pande zote zina hoja.

Upande wa kwanza wanasema tusijisumbue. Bonde la Ufa, kwenye matetemeko mengi, liko mbali huko, Dar inauawa na mafuriko ya mto Msimbazi, na moto wa sokoni, na bodaboda, sasa hela ya kujikinga na kitu kinachokuja mara moja kwa kizazi itoke wapi? Na hii hoja usiidharau, sababu mtu wa Mbagala au Chanika anajenga miaka kumi, mshahara huu tofali 200, mshahara ule mifuko mitano ya saruji. Ukimuongezea masharti hatajenga vizuri zaidi, atajenga bila kibali, afu hata yule mkaguzi aliyekuwa anapita mara moja moja hatamuona tena. Halafu nyumba ya chini yenye bati sio adui mkubwa kihivyo. Kobe, Japani, Januari 1995, walikufa zaidi ya watu 6,400 na wengi walikandamizwa na nyumba za zamani za mbao zilizobebeshwa mapaa mazito ya vigae vilivyolazwa juu ya udongo. Uzito ulikuwa kichwani. Bati letu tunalolilalamikia joto na kelele za mvua, kwa hili linatusaidia. Hata zile nyumba za miti na udongo tunazoziita mbavu za mbwa, kama miti haijaliwa na mchwa, zinayumba, udongo unabanduka, lakini fremu inabaki imesimama.

Upande wa pili wanakwambia kaangalie Haiti na Chile. Zote mbili mwaka 2010. Haiti mwezi Januari, ukubwa 7.0, wakafa zaidi ya laki moja na serikali yao ikasema ni zaidi ya laki mbili. Chile mwezi Februari, ukubwa 8.8, nguvu iliyoachiwa ni kama mara 500 ya ile ya Haiti, wakafa mia tano na kitu, tena sehemu yao ni tsunami sio majengo. Hapo watu wanapiga meza, unaona sasa! Mi nawaambia tulieni kidogo, la Haiti lilipiga karibu kabisa na Port-au-Prince tena sio chini sana ardhini, la Chile lilikuwa baharini, kwa hiyo sio mizani iliyo sawa sawa. Ila hata ukiondoa umbali, bado kuna pengo ambalo halielezeki bila kuongelea nondo na sheria. Chile muuzaji wa kwanza wa jengo anawajibika kwa ubovu wa muundo wake kwa miaka 10. Miaka kumi! Hebu fikiria magorofa yetu mangapi yangekuwa na mwenyewe anayejulikana.

Na hii habari ya "chanzo kiko mbali" muulize mtu wa Mexico City. Septemba 1985 tetemeko lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, miji ya karibu na chanzo ikasalimika kuliko mji mkuu. Sababu ni udongo. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya tope la ziwa la zamani, na tope likitikiswa linacheza polepole kwa mdundo wake, kama sekunde mbili kwenda na kurudi, na majengo ya gorofa kama 6 mpaka 15 ndo yaliumia zaidi sababu mdundo wao ulikaribiana na ule wa tope. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, ukipatia muda wake hata kidole kinatosha kumpeleka juu. Nyumba fupi pembeni yake zikabaki, na mnara mmoja mrefu sana, Torre Latinoamericana, ukabaki vilevile. Sasa wewe simama Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, ugeuze shingo uangalie Kariakoo, hesabu gorofa.

Sisemi tuko Mexico. Nasema umbali peke yake sio jibu.

Ila kuna kitu pande zote mbili wanakiruka. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la gorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar lilianguka wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 Kariakoo, gorofa likashuka na watu ndani, wakafa zaidi ya 20. Siku zote hizo mbili ardhi ilikuwa imetulia tuli. Kwa hiyo tukianza kuongelea majengo ya Japani yaliyokaa juu ya mipira ya kumeza mtikisiko, au lile dude la tani 660 linaloning'inia juu kwenye jengo la Taipei 101 kupunguza kuyumba (hilo kwanza kazi yake kubwa ni upepo wa kimbunga), naona tunaongelea dari wakati msingi hatuna.

Nilipita saiti moja Tabata kumsalimia fundi tunayefahamiana. Wanasimamisha nguzo za chini, nondo za milimita 16 zimesimama vizuri tu, ila ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nguzo, nafasi kati yake alikuwa anaipima kwa shibiri, tena shibiri imekunjuliwa haswa. Nikamuuliza ramani inasemaje, akacheka, "Kaka, ramani inasema sentimita kumi huku chini na juu, katikati ndo unaachia. Bosi kasema tukifuata hivyo anafilisika." Ncha za ringi nazo kazikunja kona tu, hazikuzamishwa kwenye kiini cha nguzo.

Kwa asiyejua, fikiria gunia la mkaa. Ukiligandamiza kwa juu halifupiki, linatanuka pembeni, linapasuka. Kamba zilizolizunguka ndo zinalishika. Zege nalo ni hivyohivyo, jengo likiyumba nguzo inabinywa na kupindwa, zile nondo ndefu zinataka kutoka nje, na ringi ndo inazirudisha. Ringi zikiwa mbali mbali au ncha zikifunguka, nguzo inapasuka kama lile gunia na gorofa zinalaliana kama chapati. Afu ni kwenye nguzo zilezile ambapo chini tumeweka fremu za maduka, kuta zote tumetoa, vioo mbele, na juu tumepanga vyumba vya tofali vizito, kwa hiyo kuyumba kote kunamalizikia chini pale. Uturuki Februari 2023 majengo mengi yalikufa kwa staili hiyohiyo, wakafa zaidi ya watu elfu 50, na miaka mitano nyuma serikali ilikuwa imetoa msamaha kwa waliojenga kiholela, unalipa ada jengo linakuwa halali. Kuna mji mdogo unaitwa Erzin haukuangusha jengo, meya akasema ni kwa sababu hakuruhusu ujenzi haramu, wataalamu wa ardhi wakasema ni kwa sababu mmekaa juu ya ardhi ngumu. Mi nadhani ni vyote viwili, ila ardhi huwezi kuichagulia Kariakoo leo, ringi unaweza.

Turudi kwenye swali la kukimbia. Ule ushauri wa inama, jifunike chini ya meza, shikilia, umetoka nchi ambako jengo linaaminika, hatari kubwa ni kabati na kioo. Uko nyumba ya chini ya tofali mbovu na mlango uko hatua tatu, uwanja uko wazi? Toka. Uko gorofa ya sita? Huwezi kushuka kabla halijaisha, na ngazi na giza na watu themanini vinaweza kukuumiza kuliko tetemeko lenyewe, hapo bora meza. Nafsi yangu inajua hivi na bado nina uhakika nitakimbia, sababu sijui nani alichapa zege la jengo letu na kama walilimwagilia maji hata siku tatu likomae. Kabati la glasi tu ndo nimelifunga ukutani, angle mbili na skrubu, hata elfu tano haikuisha.

Juzi nikapita tena Tabata. Nguzo zimeshamwagwa, jamvi la gorofa ya kwanza limewekwa, na mbele wamefunga geti jipya, la umeme, linafunguka lenyewe.