Lakabu ya Kijapani: Nani Ana Haki ya Kuibeba?

Vijana wanaochora katuni na kutunga haiku, yale mashairi mafupi ya Kijapani, hupenda kujipachika majina ya Kijapani, na hawakosi wa kuwabeza: utajiitaje Yoshida na hujawahi kukanyaga Tokyo? Swali ni la haki. Ila Wajapani wenyewe ni mabingwa wa kujibatiza upya.

Matsuo Bashō, bingwa wa haiku, awali alitumia lakabu ya Tōsei. Mwanzoni mwa miaka ya 1680 mwanafunzi wake mmoja akampa mche wa mgomba aupande nje ya kibanda chake huko Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo. Kibanda kikaitwa kwa mgomba ule, bashō, naye mshairi akalibeba jina. Mgomba wenyewe haukuwa wa kuliwa (Bukoba usingemaliza msimu), lakini yeye aliupendea hilohilo: kutofaa kwake, na majani yanavyochanwa na upepo.

Hirai Tarō, mwandishi wa hadithi za upelelezi, alivuka hata bahari. Alilichukua jina la mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe, akalitamka Kijapani, akaliandika kwa kanji, herufi zenye asili ya Kichina, likawa Edogawa Ranpo. Kama yeye aliazima, kwa nini Mmarekani au Mswahili akatazwe?

Kwa sababu hakuna aliyedanganyika kwamba Ranpo ni Mmarekani. Miaka ya 1990 majarida ya Marekani yalichapisha mashairi ya Araki Yasusada, aliyetajwa kuwa manusura wa bomu la Hiroshima. Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Wasifu wake ulidai alisoma Chuo Kikuu cha Hiroshima miaka ya 1920, na chuo hicho kilianzishwa 1949! Naye Mmarekani C.B. Cebulski, mhariri wa kampuni ya katuni ya Marvel, aliandika katuni kwa jina la Akira Yoshida, akatoa hadi mahojiano kwa jina hilo. Alikiri mwaka 2017.

Wapo wanaosema kosa ni wasifu wa uongo, jina halina hatia. Nakubaliana nao nusu tu. Yoshida ni ukoo wa watu. Ukiuweka juu ya kitabu, msomaji anajijazia wasifu mwenyewe, hata usipotamka neno. Lafcadio Hearn, mwandishi mzaliwa wa Ugiriki, aliitwa Koizumi kwa sababu alimwoa Koizumi Setsu, akaingia katika ukoo wa mkewe na kuwa raia wa Japani mwaka 1896. Yakumo, jina lake la pili, lilikuwa lake binafsi, si la ukoo.

Kwa hiyo anayetaka lakabu ya Kijapani na achukue ya kishairi, neno moja kama Bashō, koo za watu aziache. Kanji awaonyeshe kwanza wanaoijua, maana herufi moja huweza kusomwa kwa namna kadhaa. Akikosa wa kumwonyesha, aandike kwa katakana, herufi wanazotumia kwa majina ya kigeni. Mjapani akiliona, huenda akatambua kwamba mwenye jina ametoka nje.